Gombo Likiungua, Nani Amefeli?

Leo naomba niandike kuhusu gemu. Najua kuna watakaoondoka hapa hapa wakisema kijana kaishiwa habari. Msiondoke kwanza. Gemu ninalolisema lina kanuni moja ndogo inayomhusu kila mtu aliyewahi kukaa kwenye chumba cha mtihani nchi hii. Kanuni hiyo inajibu swali hili: mtu akijaribu kujifunza kitu akashindwa, apoteze nini?

Gemu linaitwa Baldur's Gate. Lilitoka Desemba 1998, kazi ya kampuni ya BioWare ya Edmonton, Kanada. Ni la zamani, lakini halijafa. Lilifanyiwa ukarabati likatoka upya mwaka 2012, na ndugu yake wa tatu alitoka Agosti 2023 akiwa ametengenezwa na Larian ya Ubelgiji. Hilo jipya linataka kompyuta ya bei mbaya. Lile la kwanza linakubali hata kompyuta ya mtumba inayokoroma kama Fuso inayopanda mlima. Ndani yake unaongoza kikundi cha watu wasiozidi 6, na mmoja wao huwa ni mchawi.

Hapo kwenye neno mchawi naomba tuelewane. Kwetu mchawi si mtu wa kuchekea. Nchi hii kuna vikongwe waliouawa kwa sababu tu mtu fulani aliwaita jina hilo. Mchawi wa kwenye gemu ni kiumbe mwingine kabisa. Hapandi ungo usiku, harithi kitu kutoka kwa bibi, wala hamlogi jirani kwa ajili ya shamba la viazi. Ni msomi. Anatembea na daftari, na kila asubuhi anapitia alichoandika humo kama mwanafunzi anayepiga msuli kabla ya pepa. Uwezo wake wote ni maneno ya kunuiza aliyojifunza kwa kusoma. Mimi nitayaita manuizo, maana waganga wetu wananuiza na sijaona neno bora zaidi. Kuna nuizo la kurusha moto, la kulaza maadui usingizi, la kujikinga na mishale, na kadhalika.

Sasa anajifunzaje? Anaokota au ananunua gombo, yaani karatasi yenye nuizo moja ndani. Anakaa nalo, anajaribu kulinakili kwenye daftari lake. Hapo ndipo kompyuta inaporusha dadu kimoyomoyo, namba moja hadi 100. Ikiangukia ndani ya nafasi yake, nuizo linaingia daftarini na linakuwa lake moja kwa moja. Ikiangukia nje, nuizo haliingii, na gombo linateketea. Pesa imekwenda, karatasi imekwenda, na hujajua kitu. Ukitaka kujaribu tena itabidi utafute gombo jingine la nuizo lile lile.

Nafasi yenyewe inategemea akili. Kila mtu kwenye gemu ana alama ya akili, na kuna jedwali. Mwenye akili 9 ana nafasi ya asilimia 35. Mwenye 12 ana asilimia 50, yaani sawa na kurusha shilingi. Mwenye 15 ana 65, mwenye 17 ana 75, na mwenye 18, ambaye kwa binadamu wa kawaida ndiyo dari, ana 85. Akifika 19 anapata 95. Kufikia 100 kamili inabidi awe na akili 24, kitu ambacho hakuna anayezaliwa nacho.

Asilimia 85 inasikika tamu, siyo? Hebu tupige hesabu. Chukua mchawi mwenye akili 18, kichwa cha darasa, mpe magombo 10 tofauti. Nafasi ya kuyajua yote 10 bila kuunguza hata moja ni kama asilimia 20. Yaani wakae wachawi watano wa aina hiyo, wote vichwa, mmoja tu ndiye atakayeinuka pale na magombo yote. Wanne wataunguza angalau moja. Wala si kwamba walisoma vibaya, maana wamesoma sawasawa na yule wa tano. Dadu ndilo limewatenga.

Hapo ndipo ugomvi wangu na kanuni hii unapoanza. Sigombani na kushindwa. Gemu lisilo na kushindwa halina utamu, kama bao lisiloweza kukuliza. Ninachogombana nacho ni kushindwa kusikomwambia mtu kitu chochote. Ukipigwa vitani kwenye gemu hili unajua kwa nini: ulimtanguliza mtu asiye na ngao, ulisahau kujikinga, ulivamia kundi kubwa usiku. Unajifunza, unarudi, unashinda. Gombo likiungua hakuna la kujifunza. Hukufanya kosa lolote. Ulibonyeza sehemu ile ile ambayo ungebonyeza ungefaulu.

Na ndiyo maana wachezaji wote, nasema wote, wanaizunguka kanuni hii. Njia ya kwanza ni kusevu kabla ya kusoma gombo. Likiungua, unalodi pale uliposevu na kujaribu tena, hata mara tano, mpaka dadu likuonee huruma. Njia ya pili ni dawa. Ndani ya gemu kuna dawa za kunywa zinazopandisha akili kwa muda, basi watu wanazilimbikiza, wanazinywa kwa mkupuo, wanaketi na kusoma magombo yote siku hiyo hiyo kabla akili haijashuka. Njia ya tatu ni kushusha ugumu wa gemu kwenye mipangilio, na kushindwa kunaondoka kabisa.

Angalia jambo hapo. Kanuni iliwekwa ili kujifunza kuwe na uzito. Matokeo yake ni kwamba mwenye muda, mwenye dawa, au mwenye kujua njia za panya, hafeli kamwe. Anayefeli ni yule mgeni asiyejua kwamba kuna kusevu, au yule aliyekatikiwa na umeme kabla hajasevu. Kwa hiyo kanuni haimpimi mtu akili. Inapima kama anazijua njia za kuikwepa.

Tuwe waungwana tusikilize na upande wa pili. Watetezi wa kanuni hii wana hoja, na si za kipuuzi. Wanasema kama kila gombo ni uhakika, basi mchawi mwenye akili 9 na mwenye 18 hawana tofauti, na akili inakuwa pambo. Wanasema pia kwamba hofu ya kupoteza ndiyo inayokufanya ulipende lile nuizo ulilolipata. Hoja ya kwanza naikubali kabisa. Lazima kuwe na tofauti kati ya aliyejiandaa na asiyejiandaa. Hoja ya pili naikubali nusu. Hofu inaleta thamani pale tu mtu anapoweza kufanya kitu kuhusu hofu hiyo. Hofu ya dadu tupu inaleta ushirikina, na ushirikina kwetu hauhitaji kuongezewa mbolea.

Sasa cha kufurahisha ni kwamba waliotunga kanuni hizi nao hawajawahi kukubaliana. Baldur's Gate halikubuni jedwali lake. Lililitoa kwenye Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ulioanzishwa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, unaochezwa kwa karatasi, penseli na dadu za mkononi. Mchezo huo umeandikwa upya mara kadhaa, na swali la mchawi aliyeshindwa kujifunza limepata majibu tofauti.

Kwenye vitabu vya mwaka 1989, ambavyo ndivyo gemu lilivyovifuata, jedwali ni lile lile la asilimia. Lakini mezani, ukishindwa nuizo, unasubiri mpaka upande ngazi nyingine ndipo ujaribu tena. Kwenye vitabu vya mwaka 2000 jedwali liliondolewa. Unarusha dadu la pande 20, unajumlisha na ujuzi wako wa mambo ya manuizo, na unatakiwa kufikia 15 pamoja na ngazi ya nuizo lenyewe. Ukishindwa, mlango unafungwa mpaka uongeze ujuzi wako kwa hatua moja. Na hapa ndipo ninapowavulia kofia: ukishindwa, gombo haliungui. Linabaki. Linakusubiri ukue.

Vitabu vya mwaka 2014 vikageuza tena. Ukinakili kutoka kwenye daftari la mchawi mwenzako, hakuna dadu kabisa. Unalipa vipande 50 vya dhahabu na saa 2 za kazi kwa kila ngazi ya nuizo, basi. Lakini ukinakili kutoka kwenye gombo, dadu linarushwa, na gombo linateketea ufaulu usifaulu. Halafu Baldur's Gate la tatu, lile la 2023, likaondoa dadu hata kwenye gombo. Mchawi analipa dhahabu, anajua. Hakuna kushindwa isipokuwa kukosa pesa.

Kwa hiyo tuna majibu manne kwa swali moja. Gombo liungue. Usubiri. Gombo libaki na wewe ukakue. Ulipe. Yaweke kichwani hayo manne, maana sasa naondoka kwenye gemu na kuja nyumbani.

Mbeya na Iringa ni miji ya shule. Ukipita Iringa mjini utakutana na wanafunzi wa Mkwawa, shule ya zamani ambayo tangu 2005 ni chuo kikuu kishiriki cha elimu chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Utakutana na wa Ruaha, na wa ule uliokuwa Tumaini ambao leo ni Chuo Kikuu cha Iringa. Ukija Mbeya kuna MUST, iliyoanza kama chuo cha ufundi na kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2012, na kuna sekondari ambazo majina yake peke yake yanamtisha mtoto wa darasa la saba: Sangu, Iyunga, Loleza. Ni watu wanaoishi kwa mitihani. Na ukiwasikiliza wanavyoongea kwenye daladala au kwenye kibanda cha chipsi, utasikia kanuni zote nne za mchawi zikitajwa kwa majina ya kwetu.

Sapu ni ile ya kujaribu tena. Umefeli somo, unaitwa urudi kabla mwaka mpya haujaanza, unafanya pepa jingine, na vyuo vingi hata ukipata zote hawakupi zaidi ya C. Keri ni ile ya kusubiri ngazi: unalibeba somo mpaka mwaka unaofuata, unalifanya pamoja na wadogo zako. Na disko, Mungu apishe mbali, ndiyo gombo kuteketea. GPA imeshuka chini ya mstari, unafungasha godoro, unarudi kijijini kwa basi la saa 12 asubuhi ili usikutane na watu.

Chuoni angalau kanuni hizo ziko wazi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua sapu ni nini kabla hajajua maktaba iko wapi. Anaijua namba ya kudisko kama mchezaji anavyoijua asilimia yake. Na kati ya kufeli na kuungua kuna ngazi kadhaa. Sina ugomvi mkubwa na chuo. Ugomvi wangu uko chini, kwa watoto.

Tuanze na darasa la saba. Kwa miaka mingi mtoto wa shule ya serikali ambaye hakuchaguliwa kwenda sekondari hakuwa na sapu wala keri. Alifanya mtihani mmoja, kwa siku mbili, akiwa na miaka 13 au 14, na nafasi za sekondari zilikuwa chache mno kabla ya ujenzi wa shule za kata kushika kasi katikati ya miaka ya 2000. Dadu moja, gombo moja. Na wazazi wetu walifanya nini? Walifanya kile kile wanachofanya wachezaji wa gemu. Walisevu na kulodi. Mtoto alihamishiwa shule ya mbali kwa shangazi, akarudishwa darasa la nne au la sita kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule, akafanya mtihani upya. Nyote mnawajua watu wa namna hiyo. Ni watu wazima leo, wana vyeo, ofisini wanaitwa jina moja na kwao wanaitwa jina jingine, na watoto wao wamerithi ukoo wa mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Ndiyo gharama ya kulodi kwa njia za panya. Mtu analazimika kuacha jina lake alilopewa na babu ili tu aruhusiwe kusoma tena.

Na wenye nacho? Wao hawakuhitaji hata jina la kuazima. Mtoto asipochaguliwa walimpeleka shule ya kulipia, mwaka uliofuata yuko kidato cha kwanza na viatu vipya. Ile ndiyo kanuni ya 2023: lipa, jua. Kwa hiyo nchi moja ilikuwa na magemu mawili yanayochezwa kwa wakati mmoja, moja la ugumu wa juu kwa mtoto wa mkulima wa Mufindi, na jingine lililoshushwa ugumu kwa mtoto wa bosi.

Twende kidato cha pili. Mtihani huu ulianza mwaka 1984, na utaratibu uliozoeleka ni kwamba anayefeli anakariri darasa mara moja, na akifeli tena anaondoka kwenye mfumo rasmi. Mwaka 2008 serikali ikaondoa kizuizi hicho. Wanafunzi wakaendelea kidato cha tatu hata kama wamefeli. Ni sawa na kushusha ugumu wa gemu: hakuna tena kushindwa. Mwaka 2012 kizuizi kikarudishwa.

Mnakumbuka kilichotokea katikati? Waliofanya kidato cha nne mwaka 2012 walikuwa wamevuka kidato cha pili bila kizuizi. Matokeo yao yalitangazwa Februari 2013, na kama asilimia 60 ya watahiniwa walipata sifuri. Nchi ilitikisika. Waziri Mkuu wa wakati huo, Mizengo Pinda, akaunda tume. Naitaja habari hii kwa sababu inanibana hata mimi ninayetaka watoto wasiunguzwe. Kuondoa kushindwa peke yake si huruma. Walimu hawakuwepo, maabara hazikuwepo, vitabu havikutosha, na mtoto aliyekuwa hajui alisukumwa mbele miaka miwili bila mtu kumsimamisha na kumuuliza unakwama wapi. Alifika mwisho na daftari tupu. Mchawi wa gemu lililoshushwa ugumu angalau anapewa nuizo. Hawa walipewa ngazi bila nuizo.

Lakini habari ile ina sehemu ya pili, na ndiyo inayonikosesha usingizi. Tume ilikuta kwamba mwaka ule utaratibu wa kupanga madaraja ulikuwa umebadilishwa. Mei 2013 serikali ikaliambia Bunge kwamba matokeo yanafutwa na kupangwa upya. Yalipopangwa upya, kuna waliokuwa na sifuri wakajikuta wamefaulu. Watoto wale wale, majibu yale yale, mwandiko ule ule. Kilichobadilika ni jedwali. Kwa zile wiki za katikati, kuna kijana mahali fulani Kyela au Kilolo aliyeambiwa na familia nzima kwamba yeye ni mjinga, akaamini, akaanza kutafuta kazi ya utingo, kumbe tatizo lilikuwa kwenye jedwali lililokaa ofisini Dar es Salaam. Mchezaji wa Baldur's Gate anaweza kufungua ukurasa wa mchawi wake na kuisoma asilimia yake kabla hajagusa gombo. Mtoto wa 2012 alipimwa kwa jedwali ambalo wakubwa wenyewe walikuja kulikana.

Sasa ninasema nini? Nasema tuchukue ile kanuni ya mwaka 2000. Ina mambo matatu, na yote matatu yanawezekana hapa kwetu.

Jambo la kwanza, kushindwa kuwepo. Asiyejua asipitishwe. Kumpitisha ni kumdanganya, na uongo huo unakuja kudaiwa baadaye kwa riba.

Jambo la pili, gombo lisiungue. Aliyeshindwa abaki na haki ya kurudi, kwa jina lake mwenyewe, na asiulizwe umri. Hapa tumepiga hatua, tuseme ukweli. Aliyefeli kidato cha nne anaweza kurudi kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kuna mtihani wa maarifa kwa wasiopitia njia ya kawaida. Toleo la 2023 la sera ya elimu linataka elimu ya lazima iwe miaka 10, ili mtihani wa mwisho wa shule ya msingi usiwe tena mlango wa kutupia watoto nje. Novemba 2021 serikali iliruhusu wasichana waliojifungua kurudi kwenye shule za kawaida, nao walikuwa wameunguziwa gombo kwa jambo lisilohusiana hata na mtihani. Hayo yote yanaonesha kwamba kanuni ni maandishi ya watu. Yaliandikwa, yanaweza kuandikwa upya.

Jambo la tatu ndilo tulilolisahau. Ile kanuni haisemi tu rudi. Inasema rudi ukiwa umeongeza ujuzi. Ina maana kwamba kati ya kushindwa na kurudi kuna kazi, na lazima mtu ajue ni kazi gani. Sisi tunampa aliyeshindwa herufi. F. Basi. Hajui kama alikwama kwenye kipeo cha pili au hakuelewa swali kwa sababu liliandikwa Kiingereza. Baraza la Mitihani hutoa uchambuzi wa namna watahiniwa walivyojibu, somo kwa somo, na ni kazi nzuri sana. Lakini ule ni wa nchi nzima. Yule mmoja aliyeko Makete ana herufi yake mkononi na hana mwalimu, maana sare ameshavua. Anaambiwa anaweza kurudia, alipe ada ya mtihani, atafute kituo, ajisomee. Gombo lipo, nakubali. Wa kumsaidia kulisoma ndiyo hayupo. Mwenye hela anakwenda tuisheni Mwanjelwa au Miyomboni. Asiye na hela anarudi na akili ile ile, kwa dadu lile lile, mwaka mwingine. Halafu tunashangaa anafeli tena, tunasema ndivyo alivyo.

Ningependa kuona jambo dogo tu. Kila shule ya kata iwe na mlango unaofunguliwa mara mbili kwa wiki, jioni, kwa ajili ya waliofeli hapo hapo. Waje bila sare, wakae kwenye madawati yale yale, na mwalimu alipwe posho ya kukaa nao. Majengo yapo. Jioni yanakaa na popo. Mahesabu ya posho wapige wanaojua, lakini sidhani kama itazidi gharama ya kumpoteza mtu wa miaka 17 akiwa mzima na anataka kusoma.

Kuna atakayeniambia mdogo wangu, mambo ya taifa hayaendeshwi kwa gemu. Nakubali, kaka. Ila waliotunga gemu lile walikaa, wakaitazama upya kanuni yao, wakaibadilisha. Ile nayo wakaibadilisha tena. Na hapo wanagombea karatasi ya kufikirika. Sisi tunagombea mtoto wa mtu.

Sasa nigeukie kwako unayesoma. Wewe, au ndugu yako, gombo liliwahi kuungua wapi? Darasa la saba, kidato cha pili, au chuoni? Na kuna aliyekaa na wewe akakuonesha ulipokwama, au uliachiwa herufi tu? Kama yupo mtu wa ukoo wenu anayeishi kwa jina la kuazima, usimtaje hapa, ana kazi yake na watoto wake. Ila siku moja mwulize kwa heshima jina lake la kwanza lilikuwa nani.

Naomba kuwasilisha.